Jino la Mgeni Rasmi

Jamhuri ya Heko ni nchi nzuri. Naliweka hilo mbele kabisa, kabla ya salamu, asije mtu akasema nina kinyongo nayo. Ina milima, ina mito, ina serikali, na watu wake wamefundishwa kushangilia tangu chekechea, hata mtoto wa miaka minne anajua waziri anapigiwa makofi mangapi na naibu wake mangapi. Mimi sina shamba huko wala sina kesi na mtu. Nasimulia tu yaliyompata mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani na mumewe Kondo, kwa sababu wapo watu wanaoyasimulia kwa kutia chumvi, na mimi chumvi sipendi.

Kondo wa Pazi alikuwa mnadi wa mitumba katika soko la Mabatini. Kila asubuhi alipanda juu ya robota, akainua suruali iliyokwisha kumchosha mwenyewe huko ng'ambo, akaisifu mpaka wewe uliyekuja kutafuta vitunguu unajikuta umeikumbatia. Mdomo wake ndio uliokuwa shamba lake na duka lake. Sikudhani alikaa chini yake, akikunja nguo na kupokea pesa, akimsikiliza na kucheka kimoyomoyo, maana baada ya miaka ishirini na moja ya ndoa bado yalikuwepo maneno ya mumewe ambayo hajawahi kuyasikia.

Basi gego la chini, upande wa kushoto, likaanza kumuuma Kondo. Wiki ya kwanza Kondo alinadi huku ameinamisha kichwa. Wiki ya pili alinadi mashati tu, maana suruali zinataka sauti. Wiki ya tatu alishuka juu ya robota, akakaa kando ya mkewe, naye akawa anakunja nguo.

"Mama Tumu," alimwambia, "hili jino halinipendi." Tumu ni binti yao, aliyeolewa mkoa wa mbali.

Sasa, watu wa Mabatini jino likiwashinda huenda kwa Fundi Makoba, aliyekuwa akitengeneza baiskeli asubuhi na meno mchana, kwa koleo lilelile, ingawa kwa haki lazima niseme alikuwa analifuta. Sikudhani alikwisha kujifunga kanga ampeleke. Wakiwa mlangoni, likapita gari la matangazo. Sauti ya kike, laini, ilisema kwamba Mfuko wa Tabasamu la Mnyonge, chini ya ulezi wa Mtukufu Mlezi wa Taifa, unawatangazia wote wasio na uwezo kuwa meno yao sasa yamepata mwenyewe. Kimeletwa kiti cha kisasa kutoka kwa wafadhili. Yupo daktari bingwa. Ipo ganzi.

Hapo kwenye ganzi Sikudhani akasimama. Kwa Fundi Makoba ganzi ilikuwa wanaume wawili waliokukalia miguu. Alimtazama mumewe, mtu mwenye heshima zake, akamwonea huruma.

"Baba Tumu, tuvumilie siku mbili tatu. Uhudumiwe kama watu," alisema.

Kondo alimkubalia, kama alivyomkubalia mambo mengi, na wakarudi ndani. Sikudhani angekuja kuikumbuka ile kanga aliyoifungua siku ile kuliko kanga yoyote aliyowahi kununuliwa.

*

Msaada wenyewe haukuwa wa kumwagwa ovyo. Huruma isiyo na utaratibu ni fujo, ndivyo alivyopenda kusema Bwana Fulgensi Kisarazo, Afisa Itifaki Mkuu wa Mfuko, mtu mrefu, nadhifu, mwenye meno yake yote thelathini na mawili na desturi ya kuyaonyesha yote hata anapotoa pole. Alifika nyumbani kwa Kondo akiongoza Kamati ya Kuthibitisha Unyonge, watu sita katika magari matatu.

Majirani walikwisha kumtahadharisha Sikudhani. Mtaa wa pili mzee mmoja alinyimwa matibabu kwa kukutwa na saa ya ukutani, ijapokuwa haitembei. Kwa hiyo redio ilihamishiwa kwa shoga yake, kuku akafungwa miguu na kufichwa chooni, na pazia la dirishani likashushwa. Wajumbe walipima unene wa godoro kwa rula. Walifungua chungu, wakanusa, wakaandika. Kisha wakamkalisha Kondo kwenye kigoda.

"Mara ya mwisho kula nyama ni lini?"

"Idi," Kondo alijibu kwa taabu.

"Idi gani?"

"Ya kuchinja. Ya mwaka juzi."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja alisema mwaka juzi ni karibu mno. Mwingine alisema inategemea kama ilikuwa nyama yenyewe ama mchuzi. Walijadiliana kwa robo saa, na ilipobainika kuwa ulikuwa mchuzi, tena wa kuletewa na jirani, Kondo akapita.

Bwana Fulgensi mwenyewe alikuwa amekishika kidevu cha Kondo, akikigeuza taratibu kuelekea mwanga wa mlango.

"Shavu zuri sana hili," alisema. "Linaonekana hata kwa mtu aliyekaa nyuma."

Papo hapo Kondo akateuliwa kuwa Mnyonge wa Mfano, yaani mgonjwa wa kwanza, ambaye jino lake lingeng'olewa siku ya uzinduzi wa zahanati ya meno, mbele ya taifa. Wajumbe walimpongeza, wakampa mkono. Sikudhani alipiga goti kwa shukrani, kisha akauliza siku yenyewe ni lini.

"Karibuni, mama. Ratiba iko mezani."

Kabla ya kuondoka walimwekesha Kondo dole gumba kwenye karatasi. Sikudhani aliisoma baadaye, akifuatisha maneno kwa kidole. Ilisema kwamba tangu tarehe hiyo gego la chini la kushoto la Kondo wa Pazi liko chini ya amana ya Mfuko, na mtu yeyote atakayeling'oa, kulitikisa, kulidunga ama kulitibu kabla ya uzinduzi atashitakiwa kwa kosa la kuhujumu sherehe.

*

Mgeni wa nchi ile anaweza kushangaa hapa, kwa hiyo nieleze. Kwa Waheko hakuna kitu kinachoanza mpaka mgeni rasmi akianze. Si sheria, ni adabu. Daraja la Mto Ngwira lilikwisha kujengwa kabisa, na watu wakaendelea kuvuka majini chini yake kwa miezi kumi na mmoja, maji ya kifua, huku wakiinua macho na kulisifu, kwa sababu utepe haujakatwa. Chumba cha maiti cha wilaya ya Mabatini kilikaa miezi minane kitupu na mabarafu yake, wakati wafu wanaharibika majumbani, mpaka Waziri wa Afya alipopata nafasi ya kuja kumlaza wa kwanza. Alimlaza vizuri sana. Picha zipo.

Basi na zahanati ya meno ilikuwa hivyohivyo. Kiti kilikuwa ndani, kimefungwa nailoni. Daktari Towo, kijana aliyesomea meno miaka sita, alikaa kando ya kiti kutwa nzima, mikono magotini. Nje, kwenye benchi, walikaa watu waliofunga mashavu kwa vitambaa, wakikitazama kiti kupitia dirishani.

Sikudhani alikwenda kila siku.

"Mama, mimi nikipewa dakika kumi tu," Daktari Towo alimwambia, na ukimtazama ulimwona anasema kweli. "Ganzi iko kabatini. Dawa iko kabatini. Lakini utepe ndio huo."

Utepe ulikuwa umefungwa mlangoni, mwekundu, na daktari mwenyewe alikuwa akiingia kwa kuinama chini yake.

Mtukufu Mlezi alichelewa kwa sababu ambazo mtu mwenye busara hawezi kuzilaumu. Kwanza alikuwa ng'ambo kusafishwa meno, kazi iliyochukua wiki tatu, maana ni meno ya taifa na hayataki haraka. Aliporudi, zulia la jukwaani likaonekana limepauka. Zulia lilipopatikana, ikagundulika kwamba sare za kwaya zimefanana rangi na gauni la Mama Mlezi, na kwaya nzima ikarudi kwa fundi cherehani. Lakini Mfuko haukulala. Ulichapisha fulana elfu sita zenye picha ya Kondo, na zikagawiwa bure. Tatizo likawa moja tu, kwamba shavu lilikuwa likiongezeka kila wiki, na picha ya kwenye fulana haifanani tena na mwenyewe. Bwana Fulgensi alikuja mara tatu na mpiga picha, na mara ya tatu alikuwa amekasirika.

"Mwambie mumeo atulie na shavu moja," alimwambia Sikudhani. "Hatuwezi kuchapisha kila siku."

Kondo sasa alikuwa akinywa uji kwa mrija. Hakunadi, hakusemezana na watu, na akilala alilala ameketi. Siku moja mchana Sikudhani aliona basi, imetosha, liwalo na liwe. Alimfunika mumewe ushungi kama bibi harusi, akamshika mkono, akampitisha vichochoroni mpaka kwa Fundi Makoba. Fundi alifunua ule ushungi. Alimtazama Kondo, kisha akajitazama kifuani, maana naye alikuwa ameivaa ile fulana.

"Shemeji," alimwambia Sikudhani polepole, "huyu si ndiye huyu?"

"Ndiye. Ling'oe tu, Makoba. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Jino la baiskeli nitang'oa. La kwake nitang'oa siku yoyote nyingine. Hili ni la serikali, shemeji. Mimi nina watoto."

Alilifuta koleo lake, akalirudisha kwenye kikapu. Kondo alijifunika ushungi mwenyewe, wakarudi.

*

Uzinduzi ulifanyika wiki ya tisa, Jumamosi, katika uwanja wa mpira. Kondo aliogeshwa na watu wa Mfuko, akavikwa shati jeupe jipya kwa ajili ya heshima na suruali yenye viraka kwa ajili ya unyonge. Viraka vilikuwa vipya, maana suruali zake mwenyewe hazikuwa na viraka vya kutosha. Kiti cha meno kilibebwa hadi jukwaani. Sikudhani alikalishwa safu ya tatu, chini ya kibao kilichoandikwa JAMAA WA MNYONGE, na kibao kilikuwa kikubwa ingawa jamaa alikuwa mmoja.

Aliiona sindano ya ganzi. Aliiona kwa macho yake, kwenye sinia la Daktari Towo, halafu akawaona walinzi wakilisimamisha sinia. Kitu chenye ncha hakiruhusiwi kufika hatua ishirini karibu na Mtukufu. Sindano zikarudishwa garini.

"Bila ganzi?" daktari alimuuliza Bwana Fulgensi.

"Mtukufu mwenyewe ni ganzi tosha, Daktari."

Mtukufu Mlezi aliinuka. Makofi mia moja, kwa hesabu. Alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye sauti ya upole, na meno yake yaliwaka mpaka safu za nyuma wakaweka viganja machoni.

"Ndugu Waheko," alisema, "jino ni nini?"

Uwanja mzima ulinyamaza, maana mtu hakujua kama anaulizwa ama anapimwa.

"Jino ni mwananchi. Limesimama kwenye safu pamoja na wenzake. Halimsukumi jirani. Linatafuna linalopewa, halichagui, halina maneno. Na jino likianza kuuma, ndugu zangu, limeasi. Wapo watakaowaambia tulisikilize. Mimi nasema tulitoe."

Makofi yalipigwa mpaka wengine wakavua viatu kupigia. Kwaya ikaimba beti saba. Kisha likaletwa koleo, limepakwa rangi ya dhahabu, limelazwa juu ya mto wa mahameli.

Sasa sikilizeni jinsi mambo mema yanavyoharibiwa na vitu vidogo. Mtukufu anapigwa picha upande wa kulia wa uso wake tu, na Bwana Fulgensi, mtu wa kujua kazi yake, alikwisha kukigeuza kile kiti ili upande huo uelekee kamera. Kwa kukigeuza hivyo, shavu bovu la Kondo likaelekea nyuma ya jukwaa, na lile zima, jembamba, likawa ndilo lililo mbele ya Mtukufu. Mtukufu alisita, koleo mkononi.

"Hili la huku, Mtukufu," Bwana Fulgensi alimnong'oneza. "La kamera."

Sikudhani aliliona koleo likiingia kulia. Akainuka. Mama mmoja wa Mfuko aliyeketi nyuma yake alimvuta kanga, akamrudisha kitini.

"Hatusimami Mtukufu akiwa kazini, mama."

Pale jukwaani Daktari Towo alifungua mdomo. "Mtukufu," alisema. Bwana Fulgensi alimgeukia, akamwonyesha meno yote thelathini na mawili. "Hongera," daktari akamalizia.

Lile gego la kulia lilikuwa gego la mtu aliyelelewa kwa muwa na mihogo, halijawahi kusumbuliwa hata siku moja, na halikuwa tayari. Mtukufu alivuta, halikutoka. Alivuta tena, likalia kwa sauti ambayo Sikudhani aliisikia kule safu ya tatu. Mara ya tatu Mtukufu aliweka goti lake kifuani pa Kondo, bendi ikaambiwa ipige, na jino likatoka, jeupe pee, na mizizi yake miwili na kipande cha fizi. Mtukufu alilinyanyua juu.

"Bovu limetoka," alisema, na uwanja ukasimama.

Kondo alikuwa anatokwa na machozi. Mtangazaji aliwaeleza wasikilizaji kwamba Mnyonge wa Mfano analia kwa furaha. Kondo alipoanguka kutoka kitini, mtangazaji alisema furaha imemzidi.

*

"Sasa tulitoe lile lenyewe," alisema Daktari Towo, walipobaki nyuma ya jukwaa.

"Lipi lenyewe?" aliuliza Bwana Fulgensi.

Daktari alimwonyesha. Halikuhitaji kuonyeshwa, shavu lilikuwa limefunga jicho.

"Daktari, jino bovu la huyu bwana limeng'olewa leo saa tano na dakika ishirini, na nchi nzima imeshuhudia. Wewe unasema lipo jingine bovu. Kwa hiyo alilong'oa Mtukufu lilikuwa nini?"

"Lilikuwa zima."

"Rudia."

Daktari Towo hakurudia. Alikitazama kiti, akamtazama Kondo aliyelazwa kwenye nyasi na kichwa chake mapajani mwa mkewe, akayatazama mawingu. Kisha akaomba kalamu. Hati aliyotia sahihi ilikuwa ya karatasi nene, yenye nembo ya taifa, na ilisema kwamba gego la chini la kushoto la Kondo wa Pazi limechunguzwa na bingwa na kuthibitishwa kuwa ni zima, na litaendelea kuwa zima. Sikudhani alikabidhiwa ikiwa ndani ya fremu, pamoja na mswaki.

Magari yalipoanza kuondoka, daktari alimfuata Sikudhani, akampenyezea mkononi vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Ni vya siku tatu tu, mama. Ndivyo nilivyokuwa navyo mfukoni. Nisamehe."

Sikudhani alivipokea, na kusamehe hakusamehe. Wiki iliyofuata Daktari Towo alihamishiwa Idara ya Mifugo, kitengo cha kukagua vinywa vya punda, na nasikia anafanya kazi nzuri, kwa kuwa punda hawahitaji kuzinduliwa. Kiti nacho kilifungwa tena nailoni. Mfuko ulitangaza kuwa umevuka lengo, Wanyonge wa Mfano wote wamehudumiwa, asilimia mia. Wale wa kwenye benchi waliambiwa wasubiri awamu ya pili, ambayo mgeni wake rasmi bado anatafutwa.

*

Vidonge vilikwisha Jumanne. Jumatano kinywa cha Kondo kiligoma kufunguka. Sikudhani alijaribu kupenyeza mpini wa kijiko, akajaribu kidole kidogo, haikuwezekana. Uvimbe ulikuwa umeteremka shingoni, mgumu, wa moto, na kila pumzi aliyovuta iliingia kwa mluzi. Alimtazama mkewe kwa lile jicho moja. Yeye aliyekuwa akisifu suruali mpaka watu wakagombana sasa alikuwa anaomba maji kwa kugonga kidole ukutani.

Alhamisi asubuhi walikwenda hospitali ya wilaya, Kondo juu ya mkokoteni wa kubebea marobota. Karani wa mapokezi alifungua daftari.

"Tatizo?"

"Jino," alisema Sikudhani.

Karani alitafuta jina, akalipata, akatabasamu kwa kumtambua. "Huyu jino lake ni zima. Lina hati. Taja tatizo jingine."

"Shavu."

"Shavu linahesabiwa kwenye jino, mama."

"Shingo basi. Hawezi kupumua, mwanangu, mwangalie, hawezi kupumua."

"Hapo sasa umesema. Pumzi." Karani aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri. "Pumzi ni chumba namba tisa. Kaeni kwenye foleni."

Walikaa. Mbele yao walikuwa watu kumi na wanne wenye vikohozi. Sikudhani alimshika Kondo mgongoni, akawa anamhesabia pumzi bila kutaka, na foleni ilipofika mtu wa sita hakuwa na cha kuhesabu. Aliendelea kumshika hivyohivyo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, mpaka wa nyuma yao wakaanza kulalamika kwamba foleni haisogei.

*

Mnyonge wa Mfano hafi hivihivi. Maiti haijafika nyumbani, Bwana Fulgensi akawa amekwisha kuwasili na shada la maua, vipaza sauti na fomu. Fomu ndiyo ilikuwa kibali cha mazishi. Bila muhuri wake hapana jeneza linalotoka, na muhuri ulikuwa mfukoni mwa koti lake.

"Pole sana, mama," alisema, na meno yote yakaonekana. "Tumekusaidia kujaza. Palipoandikwa sababu ya kifo tumeweka furaha iliyopita kiasi. Ni kifo cha heshima. Wewe weka dole hapa."

"Nitakuja," alisema Sikudhani. "Kwanza nimwoshe mume wangu."

Maalim wa mtaa alisema mke anayo haki hiyo, na akawaambia wanaume wapishe. Sikudhani aliingia na maji na pamba. Alimwosha taratibu, mikono, kifua, miguu ile iliyosimama juu ya marobota. Mauti yalikwisha kukilegeza kinywa. Alipitisha pamba ndani yake asafishe damu na usaha, akaivuta, na ndani ya pamba kulikuwa na jino.

Halikugoma hata kidogo. Lilikuja lenyewe, bila koleo, bila goti la mtu. Sikudhani aliligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa jeusi, tupu ndani, limeliwa likabaki ganda, na lilinuka. Alikaa chini kando ya kitanda. Hili tu, alifikiri. Wiki ngapi, na ni hili tu. Kisha alimvika sanda mumewe, akaifunga vizuri, akatoka na ile pamba mkononi.

Uwani watu walikuwa wamejaa, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Bwana Fulgensi, akaiweka pamba juu ya fomu, akaifunua.

"Sababu ya kifo hiyo hapo. Iandike."

Watu wa karibu waliinama kutazama, wakainuka upesi na kuziba pua. Bwana Fulgensi hakuziba. Aliinama, akalichunguza lile jino mbele na nyuma, kwa makini, kama mtu anayekagua kito.

"Jino zima," alisema. "Na hati imeandika hivyo. Ama vipi, ndugu zangu?"

Bwana Fulgensi alimfuata Maalim.

"Mimi nasomea maiti tu," alisema Maalim. "Meno siyajui."

Akamfuata Fundi Makoba, mtu wa kuyajua meno. Makoba alilitazama kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na fulana ya Kondo ilikuwa bado mwilini mwake, kwa sababu ndiyo nguo safi aliyokuwa nayo.

"Zima," alisema Makoba.

"Zima," wakasema wa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka neno likazunguka uwa wote.

"Amebaki mama mwenyewe," alisema Bwana Fulgensi. Aliutoa muhuri mfukoni, akauweka mezani kando ya pamba. "Mimi sina haraka. Naweza kusubiri hata kesho. Naweza kusubiri hata keshokutwa. Wasiwasi wangu ni huyu marehemu tu, na jua hili."

Sikudhani aligeuka akautazama mlango. Kupitia pazia aliiona sanda, na nzi wawili juu yake, kisha watatu. Alikumbuka kwamba chumba cha maiti nacho kilikuwa kinakarabatiwa, kikisubiri kuzinduliwa upya.

"Zima," alisema.

"Kwa sauti kidogo, mama. Wa nyuma hawakusikia."

Walimsogezea kipaza sauti. Alisema tena, na neno likapaa juu ya mabati mpaka sokoni. Bwana Fulgensi akapiga muhuri, wanaume wakaliinua jeneza, na Kondo wa Pazi akazikwa kabla ya alasiri.